Machozi ya Mama Auguste



Wapendwa, kila tarehe 9 Agosti Kanisa humkumbuka Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, yaani Edith Stein. Sisi mapadre tumezoea kuisimulia habari yake kama ushindi: Myahudi, mwanafalsafa, akabatizwa, akawa Mkarmeli, akauawa Auschwitz mwaka 1942. Juma hili tumwangalie yule ambaye mahubiri yetu humruka, mama yake Auguste.

Edith alizaliwa Breslau (leo Wrocław, nchini Poland) mwaka 1891, Siku ya Upatanisho, siku takatifu kuliko zote kwa Wayahudi. Mama hakuisahau bahati hiyo. Mumewe alifariki ghafla mwaka 1893, naye mjane akabaki na watoto saba na biashara ya mbao, akaiendesha mwenyewe. Fikirini basi alivyojisikia mwaka 1922, binti yake kitinda mimba alipobatizwa. Alilia.

Mwaka 1933, Hitler aliposhika madaraka, Edith alipoteza kazi ya kufundisha. Akaanza kuandika kumbukumbu za jamaa yake, ili wale waliolishwa chuki wajue Wayahudi walivyo nyumbani mwao. Ndani yake mna harusi, mitihani, ugomvi wa ndugu, na habari za dada yake Erna na Hans Biberstein, madaktari wawili waliopendana na kuoana mwaka 1920. Kuhusu yeye mwenyewe anakiri bila haya kwamba ujanani alitumaini kupata pendo kubwa na ndoa ya furaha. (Wanaodhani kwamba mtawa huzaliwa hana moyo wa kupenda, wasome hapo.)

Tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo, siku yake ya kuzaliwa, Edith alikwenda sinagogi pamoja na mama yake. Ilikuwa Sikukuu ya Vibanda, na kesho yake angesafiri kwenda monasterini Köln. Mama, mwenye umri wa miaka 84, alitaka warudi kwa miguu wapate kuzungumza. Akauliza kama mahubiri hayakuwa mazuri, na kama Myahudi hawezi naye kuwa mcha Mungu. Kumhusu Yesu, alisema hana neno baya juu yake. Ila kwa nini alijifanya Mungu? Usiku huo alilia, na Edith akamkumbatia kichwa kifuani.

Tukiri kwamba swali la mama huyo sisi tungelijibu haraka mno. Edith hakulijibu kwa hoja. Kutoka monasterini alimwandikia kila juma, na kwa muda mrefu hakupata jibu.

Auguste alifariki tarehe 14 Septemba 1936. Dada mwingine, Rosa, alikuwa ameamini tangu zamani, lakini alingoja asimwongezee mama uchungu. Alibatizwa mkesha wa Noeli mwaka huo. Tarehe 2 Agosti 1942 alikamatwa pamoja na Edith huko Echt, Uholanzi. Kitabu cha jamaa yao kilibaki bila kumalizika.