Historia Kabla ya Maandishi

Miongoni mwa istilahi ambazo akiolojia imezileta katika Kiswahili, ile inayotaja kipindi kirefu cha maisha ya binadamu kabla hajajua kuandika ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ikikosewa hupotosha hukumu ya msomaji juu ya watu wanaotajwa nayo. Istilahi hiyo ilienea Ulaya katika karne ya 19, hasa baada ya Mwingereza John Lubbock kuitumia katika kitabu chake cha mwaka 1865, na katika Kiswahili imepata tafsiri mbili ambazo mara nyingi hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, yaani "kabla ya historia" na "historia kabla ya maandishi".

Tafsiri ya kwanza imefuata viungo vya neno la kigeni (prehistory) kimoja kimoja, na hapo ndipo kasoro yake ilipo. Neno historia katika Kiswahili cha leo lina maana mbili, kwani hutaja mambo yenyewe yaliyowapata watu na pia elimu ya kuyachunguza mambo hayo, hivyo msomaji anayeambiwa kwamba jamii fulani iliishi kabla ya historia huelewa kwamba jamii hiyo haikuwa na historia, ilhali kilichokusudiwa ni kwamba haikuacha maandishi. Waandishi wa pwani wa zamani walikuwa na maneno habari na tarehe, na hili la pili lilimaanisha pia kumbukumbu za matukio zilizoandikwa kwa mfuatano wake, kabla matumizi hayajalibana likabaki kuwa siku ya mwezi. Kwa maana hiyo ya awali, watu wasioandika wangeweza kuelezwa kuwa hawana tarehe bila kunyimwa historia yao.

Mfano wa Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, unaonyesha uzito wa jambo hili. Katika nchi hiyo kame, kuanzia takriban karne ya 15 hadi ya 18, wakulima walichepusha maji ya vijito kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe, wakayagawa katika mashamba yaliyozungushiwa kuta fupi, nao wenyewe wakaishi kwenye matuta ya mawe yaliyopangwa mteremkoni, lakini hawakuacha hata herufi moja. Kilwa, kwa upande wake, ilikuwa imetembelewa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na masultani wake walikuwa wamechapa majina yao kwenye sarafu za shaba. Kwa hiyo, anayeshika tafsiri ya kwanza hulazimika kusema kwamba wakulima wa Engaruka waliishi kabla ya historia, karne nzima na zaidi baada ya Kilwa kuingia ndani ya historia hiyo hiyo, jambo ambalo halina mantiki.

Ndani ya kipindi hicho cha kabla ya maandishi zimo Zama za Mawe na Zama za Chuma. Neno zama limechaguliwa vizuri kuliko enzi, kwani enzi asili yake ni utukufu na utawala, na bado linabeba maana hiyo katika kiti cha enzi, ilhali zama hutaja muda tu. Mgawanyo wenyewe ulitokana na Christian Thomsen wa Denmark, aliyepanga vifaa vya makumbusho ya Copenhagen kwa kufuata mawe, shaba iliyochanganywa na bati, kisha chuma. Lakini Afrika Mashariki ilitoka kwenye mawe ikaingia kwenye chuma moja kwa moja, na kwa sababu hiyo vitabu vyake havina haja ya zama za katikati.

Maneno ya kila siku hayana mipaka kama hiyo. Kale, neno la Kibantu ambalo Wachewa nao wanalo, na zamani, lililotoka Kiarabu, huweza kutaja miaka 30 au 3,000, na msimulizi wa ngano huyaunganisha kwa makusudi ili wakati usiulizwe. Mtaalamu hana ruhusa hiyo. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, huelezwa kuwa za takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, bila kutajwa KK (Kabla ya Kristo), kwa kuwa miaka 2,000 tangu kuzaliwa kwa Kristo haiongezi wala haipunguzi kitu katika hesabu kubwa kiasi hicho. KK hufaa pale umri unapokadiriwa kwa karne.

Waandishi wa vitabu vya shule na wafasiri wanapaswa kuiacha tafsiri ya "kabla ya historia" na kushika "historia kabla ya maandishi", tena kila mara wataje ni maandishi ya mahali gani, kwa kuwa kipindi hicho hakikukoma siku moja kila mahali.