Khabari ya Utabibu wa Meno

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu wa Nsungwi na wa Dzaleka, wakubwa wa jumuiya wamenitaka niandike khabari yenye manufaa katika kitabu hiki cha ukumbusho. Nimechagua utabibu wa meno, kwa kuwa wengi wetu huuogopa, na hofu hiyo hutudhuru kuliko maradhi yenyewe.

Asili ya jambo hili katika dini yetu ni mswaki. Mtume (s.a.w.) alieleza ya kuwa, lau si kuchelea kuutia umma wake mashakani, angaliwaamuru kuutumia kwa kila sala. Mti wake huota Arabuni na katika nchi kavu za Afrika ya Mashariki, na kwa huo wazee wetu waliondoa ukoga.

Kisha wakaja matabibu. Katika mji wa Cordoba, nchi ya Andalusi, alikuwako Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013. Katika sehemu ya 30 ya kitabu chake, at-Tasrif, alichora vyombo vya kukwangulia ukoga na koleo za kung'olea meno. Aliusia tabibu asifanye haraka kung'oa. Tena ahakikishe kwanza ni jino lipi lenye ugonjwa, maana maumivu humdanganya mgonjwa akaonyesha lililo zima. Akawalaumu vinyozi wajinga waliovunja meno na kuacha mizizi ndani ya taya.

Maneno hayo nayajua kwa mwili wangu. Nilipokuwa kijana huko Uvira, mtu wa sokoni alining'oa gego kwa koleo pasipo ganzi. Akang'oa lililo zima, na baada ya siku mbili akalirudia bovu. Tangu siku ile niliapa kutofungua kinywa mbele ya tabibu yeyote, na kiapo hicho nusura kiniue. Kwani miaka mingi baadaye jino jingine lilifanya usaha, taya likavimba, nikawa siwezi kumeza hata mate. Waganga husema kweli ya kuwa usaha wa jino waweza kushuka shingoni hata kifuani, ukaua.

Nilipopelekwa zahanati, tabibu aligonga meno yangu moja moja, akauliza maswali, akanionyesha vyombo vilivyosafishwa kwa mvuke wa moto, akavaa glavu mpya, akanichoma sindano ya ganzi, akangoja. Baadaye nikamwuliza, "Utaanza lini?" Akanionyesha jino mkononi mwake.

Raha hiyo haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1844, katika mji wa Hartford, Marekani, tabibu wa meno Horace Wells alivuta hewa ya dawa, akang'olewa jino lake mwenyewe asione maumivu. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokaini, ganzi inayotumika hata leo ulimwenguni kote.

Hapa Malawi, kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Iliandaliwa watu wapatao 10,000, nayo leo ina zaidi ya 50,000. Basi foleni ya kituo cha afya ni ndefu, na anayengoja mpaka avimbe hujidhulumu. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza nchini, huko Blantyre, mwaka 2019 tu. Kwa hiyo matabibu hawa ni wachache, nao ni neema ya kuthaminiwa.

Wapo wanaoakhirisha matibabu kwa ajili ya saumu. Na wajue ya kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilikata shauri kwamba kutoboa jino, kuling'oa na kulisafisha hakubatilishi saumu, maadamu mtu anajihadhari asimeze kitu.

Basi, enyi ndugu, mwili ni amana. Mpelekeni mtoto kwa tabibu lingali doa dogo, wala msimtishe kwa koleo anapokosa adabu. Mzee mwenye hofu mfuateni, mkae naye mlangoni. Hofu niliyoichukua Uvira haikuondolewa na waadhi, bali iliondolewa na mkono mpole wa mtu aliyeijua kazi yake.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum.