Sócrates wa Brazili: Kiungo, Daktari na Mpiga Kura

Mchezaji anayecheza katikati ya uwanja huitwa kwa Kiswahili kiungo. Neno hilo ndilo tulitumialo kwa goti na kiwiko, yaani mahali ambapo mfupa mmoja hukutana na mwingine. Kiungo wa timu naye huunganisha walinzi na washambuliaji. Asipokuwapo, timu hukatika vipande viwili. Leo tutasoma historia ya kiungo wa Brazili ambaye, pamoja na kuunganisha timu yake, alijaribu kuunganisha uwanja wa mpira na haki za raia. Jina lake ni Sócrates. Yeye na wenzake walikuwa wakipiga kura ndani ya klabu yao katika miaka ambayo Wabrazili hawakuruhusiwa kumchagua rais wao wenyewe.

Sócrates alizaliwa tarehe 19 Februari 1954 katika mji wa Belém, kaskazini mwa Brazili. Baba yake, Raimundo, alikuwa mtu wa asili ya kimaskini aliyejielimisha kwa kusoma vitabu. Mapenzi yake kwa maandishi ya Wayunani wa kale yalimfanya awape wanawe watatu majina ya Sócrates, Sóstenes na Sófocles. Baadaye familia ilihamia Ribeirão Preto, katika jimbo la São Paulo. Mwaka 1964 majeshi yaliipindua serikali ya kiraia. Sócrates, aliyekuwa na umri wa miaka kumi, alimwona baba yake akichoma baadhi ya vitabu vyake kwa kuogopa kwamba vingemtia hatiani. Alisimulia tukio hilo mara nyingi alipokuwa mtu mzima. Mtoto aliyefundishwa kwamba kitabu ni hazina alitambua siku hiyo kwamba iko serikali inayoweza kumfanya mtu aiteketeze hazina yake kwa mkono wake mwenyewe.

Alipokua, alifanya jambo lisilo la kawaida miongoni mwa wachezaji wa kulipwa: alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha São Paulo, tawi la Ribeirão Preto, huku akiichezea klabu ya mji huo, Botafogo. Alihitimu mwaka 1977. Mwaka uliofuata alijiunga na Corinthians, klabu ya jiji la São Paulo iliyoanzishwa na wafanyakazi mwaka 1910, yenye mashabiki wengi mno. Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye kimo cha sentimita 192. Hakuwa mwenye mbio nyingi, lakini aliona nafasi kabla ya wengine kuiona, na pasi yake ya kisigino ilimsaidia kuutoa mpira bila kulazimika kuugeuza mwili wake mrefu. Aliifungia Corinthians mabao 172, idadi kubwa kwa mchezaji wa kiungo.

Ili tuielewe kazi yake, yafaa kwanza tuyaelewe mazingira ya mchezaji wa Brazili wa wakati huo. Klabu ilimiliki haki ya mchezaji hata mkataba wake ulipokwisha. Hakuweza kuhamia kwingine bila idhini ya waajiri wake. Utaratibu huo ulifutwa na sheria ya mwaka 1998 iliyopewa jina la Pelé. Tena, kabla ya mechi, wachezaji walifungiwa kambini, wakiwa mbali na wake na watoto wao, kana kwamba ni watoto wasioweza kujitunza. Viongozi waliamua, wachezaji walitii. Ilikuwa sura ya nchi nzima katika eneo dogo.

Msimu wa 1981 ulikuwa mbaya kwa Corinthians. Uongozi ulipobadilika, rais mpya wa klabu, Waldemar Pires, alimkabidhi idara ya soka Adilson Monteiro Alves, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyekuwa na uzoefu mdogo wa mpira. Adilson aliwakusanya wachezaji akataka kusikia maoni yao. Katika mazungumzo hayo Sócrates, beki Wladimir aliyekuwa pia mwanaharakati wa chama cha wachezaji, na mshambuliaji kijana Walter Casagrande walijitokeza kuwa viongozi. Pakazaliwa utaratibu uliokuja kujulikana kwa jina la Democracia Corinthiana, yaani Demokrasia ya Corinthians.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuitamka na ngumu kuitekeleza: kila mtu kura moja. Mambo ya pamoja yaliamuliwa kwa kura, na kura ya mtunza vifaa ilikuwa na uzito sawa na kura ya nyota wa timu ya taifa. Walijadili saa za mazoezi, safari, usajili wa wachezaji wapya na hata ratiba ya chakula. Suala lililozua mjadala mkali zaidi lilikuwa lile la kambi. Hatimaye ulazima wa kukaa kambini uliondolewa, na mchezaji akawa na dhamana juu ya mwenendo wake mwenyewe.

Si wote walioupenda utaratibu huo. Baadhi ya magazeti yaliwaita wachezaji wavivu na wahuni. Hata ndani ya timu, kipa Emerson Leão, aliyesajiliwa mwaka 1983, hakuficha kwamba haukumridhisha. Hata hivyo, Corinthians ilitwaa ubingwa wa jimbo la São Paulo mwaka 1982, ikautwaa tena mwaka 1983, na mwaka huo wa pili Sócrates alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Amerika ya Kusini. Ushindi huo uliwapa kinga. Timu inayofungwa kila Jumapili isingeachwa ijitawale kwa muda mrefu.

Tarehe 15 Novemba 1982 Wabrazili walipata nafasi, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1960, ya kuwachagua magavana wa majimbo kwa kura ya moja kwa moja. Kabla ya siku hiyo, wachezaji wa Corinthians waliingia uwanjani wakiwa wamevaa jezi zilizoandikwa mgongoni maneno ya Kireno yenye maana ya «Tarehe 15 piga kura». Tazameni vizuri ujumbe huo. Haukutaja chama wala mgombea. Ulimkumbusha raia kwamba ana haki, kisha ukamwachia mwenyewe namna ya kuitumia.

Mwaka huo huo Sócrates alikuwa nahodha wa Brazili katika Kombe la Dunia nchini Uhispania. Chini ya kocha Telê Santana, timu hiyo ilicheza soka ambalo watu wa rika lile hawajalisahau. Sócrates aliwafunga Muungano wa Kisovieti, akawafunga pia Italia. Lakini tarehe 5 Julai 1982, mjini Barcelona, Italia ilishinda kwa mabao 3 kwa 2, yote matatu yakifungwa na Paolo Rossi. Sare tu ingewatosha Wabrazili kusonga mbele.

Wakati huo, katika nchi jirani za Brazili, utawala wa kijeshi ulikuwa umeanza kulegea. Bolivia ilirejea chini ya serikali ya kiraia mwaka 1982. Argentina, iliyoshindwa katika vita vya visiwa vya Falkland, ilifanya uchaguzi mwaka 1983. Uruguay ilipata rais wa kiraia mwaka 1985. Paraguay ilichelewa, dikteta wake, Alfredo Stroessner, aliondolewa mwaka 1989. Wabrazili waliyaona hayo yakitokea mpakani mwao nao wakaanza kuuliza: sisi je, lini?

Swali hilo lilijibiwa barabarani. Harakati iliyoitwa Diretas Já, yaani «uchaguzi wa moja kwa moja sasa», iliwakusanya watu katika miji mingi. Mbunge kijana, Dante de Oliveira, alikuwa amewasilisha bungeni marekebisho ya katiba ili rais achaguliwe na wananchi badala ya baraza maalumu la wapiga kura wachache. Mtangazaji maarufu wa mpira, Osmar Santos, aliiongoza mikutano hiyo kwa sauti ile ile watu waliyoizoea redioni. Tarehe 16 Aprili 1984, katika bonde la Anhangabaú mjini São Paulo, ulifanyika mkutano mkubwa ambao mahudhurio yake yalikadiriwa kupita watu milioni moja. Sócrates alikuwapo. Klabu za Italia zilikuwa zikimtaka, na mbele ya umati ule alitoa ahadi: marekebisho yakipita, hataondoka Brazili.

Kura ilipigwa usiku wa tarehe 25 Aprili. Bunge lilikuwa na wabunge 479, na marekebisho ya katiba yalihitaji thuluthi mbili, yaani kura 320. Waliounga mkono walikuwa 298. Waliopinga walikuwa 65 tu, na watatu hawakuegemea upande wowote. Waliobaki, zaidi ya mia moja, hawakufika. Marekebisho yalianguka kwa upungufu wa kura 22. Ni vyema mwanafunzi wa uraia azichunguze tarakimu hizo kwa utulivu. Kilichoyaangusha marekebisho hayo hakikuwa wingi wa wapinzani, bali viti vilivyoachwa vitupu. Mtu anaweza kuizuia haki ya wenzake bila kutamka neno lolote la kuipinga. Yatosha asiwepo siku anapohitajika.

Sócrates akaenda Italia kuichezea Fiorentina. Alikaa msimu mmoja, wala hakuwa na furaha sana huko. Nyuma yake, utaratibu wa Corinthians ulidhoofika, na mwaka 1985 upande ulioutetea ulishindwa katika uchaguzi wa klabu. Hata kushindwa huko kuliletwa na kura. Mwaka huo huo, hata hivyo, utawala wa kijeshi ulifikia mwisho baada ya miaka 21. Katiba mpya ilipatikana mwaka 1988, na mwaka 1989 Wabrazili walimchagua rais wao kwa kura zao wenyewe.

Aliporudi nyumbani alizichezea Flamengo na Santos, kisha akarejea Botafogo ya Ribeirão Preto alikoanzia. Katika Kombe la Dunia la 1986 nchini Meksiko alivaa utepe kichwani wenye maneno ya kuwafariji wenyeji, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamepigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Brazili ilitolewa na Ufaransa katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, na mkwaju wa Sócrates ulikuwa mmoja wa ile iliyopotea. Mdogo wake, Raí, alikuwamo katika kikosi kilicholitwaa kombe hilo mwaka 1994.

Tusimpambe kupita kiasi. Daktari huyu aliyejua madhara ya sigara alivuta kwa miaka mingi, na pombe iliudhoofisha mwili wake. Alifariki tarehe 4 Desemba 2011, akiwa na umri wa miaka 57. Siku hiyo hiyo Corinthians ilikuwa ikicheza na Palmeiras mechi ya mwisho ya ligi kuu. Kabla ya mpira kuanza, wachezaji walisimama katika duara la kati, kila mmoja ameinua ngumi moja juu, kama Sócrates alivyozoea kufanya kila alipofunga bao. Mechi iliisha bila bao, na sare hiyo iliipa Corinthians ubingwa.

Tusiseme pia kwamba timu ya mpira ndiyo iliyouangusha utawala wa kijeshi. Kazi hiyo ilifanywa na wafanyakazi, wanafunzi, mawakili, viongozi wa dini na wananchi wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mchango wa Sócrates na wenzake ulikuwa wa namna nyingine. Mashabiki waliokuwa hawajawahi kumchagua rais waliona kila wiki watu waliowapenda wakijadiliana, wakipiga kura, wengine wakishindwa, kisha wote wakiingia uwanjani pamoja. Aliyeshindwa katika kura ya asubuhi alimpa pasi jioni yule aliyemshinda.

Kwa majadiliano darasani: Je, ni mambo gani katika shule au kazi yako yanayoamuliwa na mtu mmoja, ilhali yangeweza kuamuliwa na wote? Je, yapo yasiyofaa kupigiwa kura? Na wewe, ukishindwa katika kura ya haki, utampa mwenzako pasi?