Sindano ya uzazi iliyotoka kwenye mkojo wa masista

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nimekuwa nikisoma habari za sindano za homoni wanazochomwa watu wanaotafuta mtoto, na kuna jambo sisi waandishi hatujalisema vya kutosha. Dawa ilipatikana mapema. Usalama ulikuja polepole, na wapo walioulipia kwa uhai wao.

Tuanzie Berlin, mwaka 1927. Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua kwamba mkojo wa mama mjamzito una homoni inayoamsha ovari, yaani vile vifuko vya mayai. Baadaye madaktari wakajaribu homoni kutoka kwenye damu ya farasi wenye mimba. Ilisaidia kwa muda tu, kwani mwili uliiona kuwa ngeni ukajijengea kinga dhidi yake. Ikabidi homoni itoke kwa binadamu.

Kwa binadamu yupi sasa? Hapo njia zikagawanyika.

Kule Sweden, Carl Gemzell alitumia pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iliyotolewa kwenye maiti. Mwaka 1958 akatangaza kwamba homoni yake imeamsha ovari zilizolala.

Kule Roma, Piero Donini wa kampuni ya Serono alichuja homoni kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Ovari zikishastaafu, pituitari huendelea kuziita kwa sauti kubwa zaidi, na homoni hizo hutoka kwa wingi kwenye mkojo. Daktari kijana Bruno Lunenfeld aliona hapo pana dawa, ila mkojo uliohitajika ulikuwa mwingi mno. Aliyefungua mlango ni Giulio Pacelli, mtoto wa kaka yake Papa Pio XII, na masista wazee wa Italia wakaanza kukusanya mkojo wao. Mwaka 1962, nchini Israel, akazaliwa mtoto wa kike, wa kwanza kupatikana kwa dawa hiyo, Pergonal.

Furaha hiyo ilikuja na shida zake. Dozi ikizidi, mayai mengi hupevuka kwa mpigo. Mama anaweza kubeba watoto watatu au wanne, au ovari zikavimba, tumbo likajaa maji na damu ikaganda kwenye mishipa. Hiyo inaua.

Njia ya maiti nayo ilikuwa na siri yake. Australia iliwachoma wanawake homoni ya pituitari za maiti kuanzia 1967 hadi 1985. Miaka ikapita, kisha wanawake 4 kati yao wakafa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo na usio na tiba. Walitafuta mtoto, wakapewa kifo kilichojificha kwa miaka.

Tangu 1995 ipo homoni inayotengenezwa maabara, ingawa ile ya mkojo uliosafishwa bado inatumika. Lakini kilichopunguza hatari si dawa mpya peke yake. Ni daktari kuanza na dozi ndogo, kupima homoni kwenye damu, kuhesabu mayai kwa ultrasaundi, na kuwa na ujasiri wa kusema "mzunguko huu tunasimamisha" mayai yakizidi.

Juzi ndugu yangu mmoja aliniuliza sindano hizi zinauzwa shilingi ngapi. Nikamwambia bei ni swali la pili. La kwanza ni nani atakupima kabla, nani atakuangalia kila baada ya siku chache, na usiku tumbo likivimba utampigia nani. Na mumeo amepimwa? Maana kwetu mke hubebeshwa lawama peke yake, na aibu hiyo ndiyo inayowafanya dada zetu wachomwe sindano kwa kificho, bila mtu wa kuwaangalia.

Ndugu zangu, aibu hii tutaiacha lini?