Lamu: Mji Uliojengwa kwa Kipimo cha Miguu

Hebu jiulize: mtaani kwako, ukifungua mlango, cha kwanza kukupita ni mtu au gari? Katika Mji wa Kale wa Lamu, kwa karne nyingi, alikuwa mtu. Au punda! Na hilo halikutokea tu.

Tuanze na nyumba. Mafundi walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, huwezi kuivuta iongezeke, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu. Nyumba zikabanana, na katikati vikabaki vichochoro vya kupishana watu na punda wenye mizigo. Kuta ndefu zinatupa kivuli, kwa hiyo hata saa saba mchana unatembea bila kuungua.

Sasa sogea mlangoni. Kabla hujaingia unakuta daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni ambaye si wa kuingia ndani hupokewa hapo, mkazungumza. Daka ni nusu nyumba, nusu njia. Mzee anayeketi hapo anawajua watoto wanaopita, na watoto wanajua kwamba wanajulikana. Wewe pita bila salamu uone kama hutasemwa!

Na wanawake je? Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili, wakaweza kutembeleana bila kushuka njiani. Ila tusiupambe mji kupita kiasi. Zamani mabibi wa koo kubwa walitoka wakiwa ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa. Njia ilikuwa moja, lakini hadhi za waliopita hazikuwa sawa.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miaka ya karibuni, bodaboda nazo zimeingia, na ubishi ukaanza. Tuwe wakweli: kijana anapata riziki, mgonjwa anafika hospitali mapema. Nani atamwambia mama mwenye uchungu asubiri punda?

Lakini hesabu na upande wa pili. Pikipiki ikipita kichochoroni, aliyeketi barazani anakunja miguu. Mama anamvuta mtoto ndani. Ikipita mara ishirini kwa siku, kesho watu hawatoki kukaa. Hakuna aliyewafukuza, na hakuna jiwe lililobomoka, ila baraza limebaki tupu.

Ndiyo maana nasema historia ya Lamu si ya watalii peke yao. Siku wakileta ramani ya barabara mpya mtaani kwenu, usiulize tu magari yatapita wapi. Uliza pia: watu watakaa wapi?