Mawimbi mafupi: Mipaka ya kusikiliza redio za kijeshi

KUSIKILIZA mawasiliano ya kijeshi kwa redio za mawimbi mafupi ni burudani iliyozoeleka kwa miaka mingi Ulaya na Marekani. Mawimbi hayo hufika pia Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, lakini anayetaka kuyasikiliza hana budi kwanza kujua sheria inasema nini.

Mawimbi mafupi ni yale yaliyo kati ya megahezi 3 na 30. Hupaa hadi tabaka la anga liitwalo ionosfia, kisha hurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Usiku masafa ya chini ndiyo husafiri mbali zaidi, na mchana ni yale ya juu. Nje ya Jiji la Dar es Salaam, penye vifaa vichache vya umeme, mikwaruzo nayo hupungua.

Redio ya kawaida haitoshi. Majeshi hutumia mfumo wa SSB, ambao kwenye redio isiyokuwa nao husikika kama mtu anayeongea akiwa amezibwa mdomo.

Mtandao unaofahamika zaidi ni wa Jeshi la Anga la Marekani, unaotumia, miongoni mwa masafa mengine, kilohezi 8992, 11175 na 15016. Kimojawapo cha vituo vyake kipo kisiwani Diego Garcia, katika Bahari ya Hindi, takriban kilomita 3,600 mashariki mwa Dar es Salaam. Husomwa mfululizo wa herufi na tarakimu, kila herufi ikitajwa kwa neno lake: Alpha, Bravo, Charlie. Huo ni ujumbe wa mafumbo; msikilizaji huambulia sauti, si siri.

Hata hivyo, kutoelewa si kinga. Kanuni za Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) zinazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwamo, kuzuia unasaji usioidhinishwa wa mawasiliano ya redio yasiyokusudiwa kwa umma. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 nayo inakataza kunasa au kufichua mawasiliano bila mamlaka ya kisheria. Kwa wakazi wa Kibaha, wilaya yenye kambi ya JKT Ruvu, tahadhari hiyo ni ya karibu zaidi.

Njia iliyo salama ni kusikiliza vituo vya matangazo, au kujiunga na redio za ridhaa kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Alama za utambulisho za Watanzania katika redio hizo huanza na 5H.