Hati ya ELIZA na Suala la Viambishi

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya ELIZA, programu ya kuzungumza na mtu kwa maandishi. Aliipa jina la Eliza wa tamthilia ya *Pygmalion*, kwa kuwa nayo iliweza kufunzwa. Maneno ya kutafutwa na namna ya kuyajibu hayakuwa sehemu ya programu yenyewe. Yalikaa katika hati ya pekee. Mtumiaji aliandika neno moja, EDIT, mazungumzo yakasimama, naye akaisahihisha hati hiyo. Wakati huo zilikwisha kuwapo hati za Kiingereza, Kijerumani na Kiwelisi.

Je, ya Kiswahili ingeandikwaje? ELIZA ilitambua maneno yaliyotengwa kwa nafasi. Ilipokutana na "my" ilirudisha "your", na baadhi ya sentensi zenye neno hilo iliziweka akiba ili izikumbushe baadaye. Sisi tuna wangu, yangu, langu, changu, zangu na mengineyo. Hayo yanaorodheshwa, si taabu kubwa. Taabu imo katika "ananipenda". Hapo anayependwa yumo ndani ya kitenzi, baina ya njeo na mzizi, na kila kitenzi kina maumbo yake. Orodha hiyo isingekwisha. Mfunzi angelazimika kwanza kuifundisha mashine kukichambua kitenzi, kazi ambayo hati ile haikuundiwa.